Kiwanda kimehama, saini imebaki mjini

Mashine ya kukereza chuma, ile inayoendeshwa kwa kompyuta, imeshushwa salama. Lori limeshaondoka. Msingi wa zege uko tayari, kebo zimeungwa, fundi umeme amepima fezi zote tatu na ameridhika. Mtu anabonyeza kitufe. Kioo kinawaka, lakini badala ya menyu ya kazi inatokea safu ya maandishi mekundu: parameta hazipo.

Hakuna kilichovunjika. Mashine ilikaa wiki kadhaa ndani ya kontena ikisubiri jengo likamilike. Katika mitambo mingi ya kizazi cha zamani, parameta zote hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri ikichoka, hakuna anayegundua maadamu mashine inawashwa kila siku. Ukiizima muda mrefu, betri inakata roho na kumbukumbu inafutika. Mashine imesahau urefu wa kila mhimili, kikomo cha kasi ya mota zake na fidia ya skrubu zilizolegea kwa miaka.

Dawa yake ni nyepesi hadi inakera. Weka betri mpya kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na uibadilishe mashine ikiwa inawaka, kwa sababu ukiibadilisha imezimwa unafuta mwenyewe. Kisha toa nakala ya parameta, moja kwenye diski na moja kwenye karatasi. Ni kazi ya asubuhi moja. Inapoachwa, mara nyingi ni kwa sababu aliyejua habari za betri hiyo ni fundi mmoja tu.

Na huyo hakuhama.

Kwa wiki kadhaa sasa jambo hili halijanitoka kichwani. Sababu za kutoa viwanda kwenye miji mikubwa kwenda mikoani tunazijua wote, sina haja ya kuzirudia. Kinachonisumbua ni namna hesabu za kuhama zinavyopigwa. Hupimwa kile kinachopakiwa kwenye lori: tani ngapi, kontena ngapi, mita ngapi za mraba. Lakini kinachoamua kama kiwanda kitaishi kule kiendako ni vitu ambavyo bado vitalazimika kurudi mjini kila wiki. Kipuri, sampuli ya maabara, injini nusu, idhini ya malipo, baba anayekwenda kuona watoto. Kila kimoja ni uzi, na nyuzi hizo hazionekani kwenye karatasi ya mradi.

## Injini za Linwood

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Uingereza iliweza kukunyima kibali cha kupanua kiwanda pale ulipo. Kampuni ya magari ya Rootes, yenye viwanda vyake vikuu Coventry, katikati ya Uingereza, ilitaka kujitanua nyumbani, ikanyimwa kibali, ikasukumwa kwenda Linwood, karibu na Glasgow huko Scotland, ambako kazi za kuunda meli zilikuwa zikipungua. Kiwanda kilifunguliwa tarehe 2 Mei 1963. Kilitengeneza Hillman Imp, gari dogo lenye injini ya alumini ya sentimita za ujazo 875, iliyowekwa nyuma.

Bloku za injini zilisubiwa Linwood, yaani alumini iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye ukungu. Lakini mashine za kuzichonga na mafundi wa kuziunganisha walikuwa Ryton, upande wa Coventry. Kwa hiyo bloku ghafi zilipanda treni kwenda kusini, zikachongwa, zikawa injini, zikapanda treni tena kurudi kaskazini kufungwa kwenye magari. Kwenda na kurudi ilikuwa kama kilomita 970. Treni za kusini zilibeba pia magari yaliyokamilika, za kaskazini zilibeba injini, gia na vitu vingine vingi vya Ryton. Ratiba hiyo ilidumu hadi Imp ilipokoma kutengenezwa mwaka 1976. Kiwanda chenyewe, baada ya kupita mikononi mwa Chrysler na kisha Peugeot, kilifungwa mwaka 1981.

Wengi husema Linwood iliuawa na migomo, au na gari lenyewe, ambalo lilitoka na kasoro zake. Yote yana ukweli wake. Lakini fikiria maana ya treni ile kwa mkaguzi wa ubora. Ukungu wa kusubia ukiharibika, na ukuta wa bloku ukawa mwembamba kuliko inavyotakiwa, katika karakana moja mchongaji anagundua mchana huohuo, anapiga kelele, ukungu unasimamishwa. Pakiwa na treni katikati, kelele inafika baada ya siku, na nyuma yake kuna mabehewa yaliyojaa kasoro ileile.

Umbali ukikata kazi katikati namna hiyo, nauli ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

## Siku tisa zinazoeleweka, siku tisa zisizoeleweka

Hapa ni vizuri kupiga hesabu kwa tarakimu, maana watu wengi huogopa kitu kisicho cha kuogopwa na kupita kando ya kile cha hatari.

Tuseme mstari wa uzalishaji unatumia vipande 200 kwa siku, na mtawanyiko wa kawaida wa matumizi hayo, yaani kiasi yanavyopanda na kushuka kutoka kwenye wastani, ni vipande 40. Muuzaji akiwa mtaa wa pili, agizo linafika kesho. Akiba ya tahadhari ya kukulinda mara 95 katika 100 ni 1.65 mara 40, yaani vipande 66. Sasa kiwanda kimehama, muuzaji amebaki, na agizo linafika baada ya siku 9. Akiba haipandi mara tisa. Inapanda kwa kipeuo cha pili cha tisa, ambacho ni tatu: vipande 198. Inabebeka. Kuna mzigo mwingine wa vipande 1,800 ulio barabarani wakati wowote, ambao kama unalipa kabla ya kupokea ni fedha yako iliyolala, lakini hata huo unaweza kuupangia.

Hesabu hiyo inakubali kwamba siku 9 ni 9 kweli. Zikiwa leo 6, wiki ijayo 13, na mtawanyiko wa siku za kungoja ukawa 3, akiba inayohitajika inaruka kutoka 198 hadi karibu 1,010. Umbali ni uleule. Kilichobadilika ni uhakika tu.

Ndiyo maana ningemshauri mtu anunue lori la polepole linaloondoka kila Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni, limejaa au halijajaa, kuliko lori la haraka linalosubiri mzigo utimie. Ghala kubwa lisilotarajiwa, ambalo huonekana mwaka wa pili likijengwa pembeni ya kiwanda kipya, mara nyingi ni malipo ya lori lisilo na ratiba.

Mzigo wa kurudi nao una ujanja wake. Gari linalorudi tupu unalilipia safari mbili, hata kama ankara imeandika moja. Watu husema watatafuta mzigo wa kurudi baadaye, kisha wanagundua kwamba gari lao halibebi kitu kingine: tangi la mafuta ya kula halirudi na saruji, na gari la baridi halirudi na mbao. Aina ya gari iamuliwe pamoja na mwenzako wa safari ya kurudi, kabla hujaagiza bodi.

## Beringi moja

Chukua beringi ya 6309. Tundu lake ni milimita 45, kipenyo cha nje 100, unene 25. Inakaa kwenye mota nyingi za kilowati 11 hadi 15, kwa hiyo kiwanda cha wastani kinaweza kuwa nazo kadhaa zikizunguka bila mtu kuzifikiria.

Mjini, fundi akisikia mlio wa kukwaruza asubuhi, anamtuma kijana, na kabla ya chakula cha mchana mota inazunguka. Mikoani, duka la vifaa lina 6309, ndiyo, lakini si lazima iwe yenye alama ya C3. Alama hiyo maana yake ni nafasi ya ndani iliyoongezwa, kwa kuwa mota ikipata joto pete ya ndani hutanuka. Ukiweka isiyo na nafasi hiyo kwenye mota iliyoihitaji, inaingia bila shida, inazunguka bila shida, na baada ya muda inapata moto na kujikaba. Fundi mwenye haraka naye ataipigilia kwa nyundo kupitia pete ya nje, na gololi zitaacha vijishimo kwenye njia yake kabla mota haijawashwa hata mara moja. Njia sahihi ni kuipasha hadi kama nyuzi joto 110, kisha inateleza yenyewe kwenye shafti. Mashine ya kupashia beringi haina bei ya kutisha. Huwa haijaandikwa kwenye orodha ya vitu vya kununua kwa sababu mjini alikuwa nayo mtu wa karakana ya jirani.

Kila kipuri kiulizwe maswali mawili: kikikosekana, mstari unasimama? Na kukipata kunachukua siku ngapi, kwa ushahidi wa risiti si kwa ahadi ya simu? Vinavyosimamisha mstari na kuchukua zaidi ya siku mbili vikae ndani ya lango. Orodha hiyo kwa kawaida ni ndefu na ghali, kwa hiyo ifupishwe kabla ya kuhama: badili mota na kapilingi (viungo vya shafti) ili saizi tano zitosheleze mota arobaini. Hapo mota moja ya akiba inalinda nane. Kazi hii ifanyike mjini, ambako ukikosea kipimo unarudi dukani jioni.

Halafu kuna fundi wa kusuka mota. Kiwanda chenye mota 60, ambazo tuseme 4 huungua kwa mwaka, hakimlishi. Viwanda kumi vya namna hiyo vinampa kazi 40, na pampu za visima na vinu vya kusaga vya mji ule vikijazia, anaweza kufungua karakana akaajiri na kijana. Kiwanda kimoja kilichopelekwa peke yake kitaendelea kutuma mota mjini hadi siku ya kufungwa kwake.

## Umeme, maji na mwinuko

Ukiuliza shirika la umeme kama kuna umeme wa kutosha, utajibiwa ndiyo. Uliza jingine: mkondo wa mzunguko mfupi mahali pa kuungia, ambao ndio kipimo cha uimara wa laini, ni kiasi gani, na transfoma iko umbali gani kutoka kituo kidogo? Kisha weka kifaa cha kurekodi volteji kila dakika kwa wiki mbili, jioni na mwisho wa wiki zikiwemo.

Sababu ni hii. Nguvu ya kusokota ya mota ya kawaida ya fezi tatu hufuata mraba wa volteji. Volteji ikishuka hadi asilimia 90, nguvu inabaki 81. Ikishuka hadi 80, inabaki 64. Mota hiyohiyo ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara sita au saba ya kawaida, na mkondo huo kwenye waya mrefu ndio unaoiangusha volteji. Kinu kilichokuwa kikiwaka vizuri mjini kikiwa na mzigo, huku mwisho wa laini kinanguruma bila kuzunguka hadi fyuzi inakata. Swichi ya nyota na delta, inayoanzisha mota kwa volteji pungufu, hupunguza mkondo hadi theluthi moja, lakini inapunguza na nguvu ya kuanzia hadi theluthi, kwa hiyo mashine inayoanza ikiwa imejaa haitasaidika nayo.

Maji yapimwe mara mbili, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika. Maji ya kisima yenye chuma hutoka maangavu kabisa. Yaache kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi yana rangi ya kutu. Kwa kiwanda cha kupaka nguo rangi hayo ni madoa. Kwa boila, hofu ni ugumu wa maji, maana ukoko ndani ya bomba hula mafuta kila siku kimyakimya.

Mwinuko husahaulika kuliko vyote. Kwa kila mita 300 hivi, maji huchemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi moja. Mahali penye mita 1,500 yanachemka karibu na 95. Kazi yoyote ya kuchemsha kwenye chombo kilicho wazi itahitaji muda mpya, na jenereta isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Si mambo makubwa. Ni mambo ya kukokotoa mezani badala ya kuyashangaa sakafuni.

Zege nalo lipewe siku zake 28. Mashine nzuri ya kukereza husawazishwa kwa pima maji inayosoma milimita 0.02 kwa mita (ile ya mwashi haitakuambia kitu), na usawazishaji urudiwe baada ya mwezi, kwa kuwa msingi mpya hukaa.

## Watu hawafungwi kwenye kreti

Mwaka 2004, ripoti ya Sir Michael Lyons ilipendekeza nafasi za kazi 20,000 za serikali ya Uingereza zitolewe London na kusini mashariki. Ofisi ya takwimu ya taifa ikahamishia shughuli zake Newport, Wales. Takriban asilimia 90 ya wafanyakazi wa London hawakwenda. Mwaka 2016, tathmini ya Sir Charles Bean kuhusu takwimu za uchumi ilitaja kuondoka kwa ujuzi huo kuwa sehemu ya udhaifu wa ofisi.

Korea Kusini ilijenga miji kumi mipya kwa ajili ya taasisi za umma, na zaidi ya taasisi 150 zikahamishwa. Kitengo cha uwekezaji cha mfuko wa pensheni wa taifa kilihamia Jeonju mwaka 2017, na wasimamizi wa fedha wakaanza kuacha kazi. Wengine wengi kwenye miji hiyo walihama nusu: mtu anafanya kazi kule, familia iko Seoul, na Ijumaa jioni mabasi yanajaa.

Mfano huo wa mabasi ndio unaonipa mashaka zaidi. Kwenye takwimu, mtu huyo amehama. Lakini mshahara wake unatumika kwingine, na akipata nafasi ya kurudi atarudi, akiondoka na alichojifunza.

Dodoso la "je, uko tayari kuhama?" hudanganya, kwa sababu anayesema hapana anaogopa kupunguzwa na anayesema ndiyo hajamuuliza mwenzi wake. Ulizeni baada ya kuwapeleka wote wawili wakaone nyumba, shule na hospitali, na kama mwenzi ana kazi, baada ya kumtafutia yeye kazi. Tarajieni pia kwamba watakaoondoka kwanza ni mafundi wenu bora, kwa kuwa ndio wanaoajirika kesho yake. Bonasi ya kubaki ilipwe mwishoni, sehemu kubwa ikifungamana na kukabidhi ujuzi. Ikilipwa mapema inakuwa nauli ya kuondokea.

Kukabidhi ujuzi si kuandika mwongozo. Mwajiriwa mpya kutoka mkoani aje kwenye kiwanda cha zamani miezi sita, afanye kazi kwenye mashine ileile atakayoikuta kwao. Mwezi wa mwisho mzee wa mashine akae kwenye kiti nje ya mstari, aulizwe lakini asiguse. Kila anapoulizwa, swali liandikwe. Daftari hilo la maswali lina thamani kuliko mwongozo wa mtengenezaji, na humo ndimo habari za betri zingeonekana.

## Saini

Sasa nifike kwenye uzi ambao naona hukatwa mara chache kuliko yote.

Chukua maombi yote ya ununuzi ya mwaka uliopita. Mbele ya kila ombi andika mambo matatu: tarehe iliyoombwa, tarehe iliyoidhinishwa, na aliyeidhinisha anakaa wapi. Kiwanda kikiwa mjini, ghorofa mbili chini ya mkurugenzi, tofauti ya tarehe hizo huwa ndogo kwa sababu meneja alipanda ngazi na karatasi mkononi. Kanuni ilisema siku tano. Ngazi ilifanya saa moja. Ukihamisha kiwanda, kanuni inabaki, ngazi inapotea.

Kipimo changu ni hiki: kikomo cha meneja wa kiwanda kununua bila kuuliza kisipungue bei ya kipuri ghali kuliko vyote kwenye orodha ya vinavyosimamisha mstari. Kama makao makuu hayamwamini kwa kiasi hicho, basi hayajapata meneja wa kiwanda cha mkoani bado, na tarehe ya kuhama isogezwe.

Saini nyingine haziko mikononi mwa kampuni. Wakala wa forodha, maabara ya viwango inayopokea sampuli, ofisi ya benki inayofungua barua za dhamana. Kwa kila moja, uliza kama kazi inaweza kuisha bila mtu kusafiri. Nimeona mijadala mingi ya sera ikihesabu barabara na umeme, lakini michache inayouliza maabara iliyo karibu iko umbali gani.

Kuna sababu nyingine ya kuhamisha saini, nzito kuliko ucheleweshaji. Soko likianguka, kampuni yenye viwanda viwili hufunga kimoja. Kisicho na mbunifu, mnunuzi wala mpanga ratiba ndicho rahisi kufunga, kwa sababu hakuna kitakachopotea isipokuwa mikono. Linwood haikuwa na sauti: maamuzi yake yalifanywa kwanza na Rootes huko kusini, baadaye Detroit, mwishowe Paris.

## Nani atangulie?

Hapa hoja yangu inanigeukia. Nikisema kiwanda kisiende mahali pasipo na fundi wa mota, maabara na lori lenye ratiba, na fundi naye haendi pasipo viwanda, basi hakuna atakayekwenda. Kwa muda fulani nilidhani hoja inaishia hapo.

Italia ilijaribu kuvunja mzunguko huo kwa sheria. Mwaka 1957 mashirika ya viwanda ya dola yaliagizwa kupeleka kusini asilimia 40 ya uwekezaji wao wote na asilimia 60 ya ule wa viwanda vipya. Ruzuku ilifuata mtaji, kwa hiyo vikaenda viwanda vyenye mtaji mwingi na watu wachache: chuma, kemikali za petroli. Waitalia wenyewe waliviita makanisa makuu jangwani. Huko Gioia Tauro bandari ilichimbwa kwa ajili ya kiwanda cha chuma ambacho hakikujengwa kamwe. Kilichokuja kuiokoa bandari hiyo, tangu mwaka 1995, ni makontena.

Msamaha wa kodi nao una kasoro ambayo wahasibu wanaijua na wanasiasa hawaitaji. Unasamehe kodi ya faida, na miaka ya kwanza baada ya kuhama ndiyo miaka ya hasara. Kampuni inasamehewa isichodaiwa. Usipoambatana na ruhusa ya kupeleka hasara kwenye miaka ya mbele, unamfaa zaidi yule ambaye angepata faida hata bila wewe.

Mfano ulionigeuza ni wa zamani zaidi. Team Valley, Gateshead, ilianza mwaka 1936 wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi kaskazini mwa Uingereza. Dola ilijenga mtaa mzima wa viwanda vya kupangisha, wenye barabara na njia ya reli, na kampuni nyingi ndogo za kazi tofauti zikaingia. Nyingi zimekufa tangu wakati huo. Mtaa bado unafanya kazi, kwa kuwa nyuzi zake zilifungwa mahali, hazikufungwa kwa kampuni moja.

Mfano mwingine ni wa vita. Mwaka 1941 Wasovieti walihamisha viwanda zaidi ya 1,500 kwenda mashariki. Kiwanda cha vifaru cha Kharkov kilipelekwa Nizhny Tagil, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimetoa vifaru vya kwanza. Simtakii mtu mazingira yale. Lakini angalia walichofanya: mashine zilisafiri pamoja na waziendeshao, na hazikupelekwa uwanda mtupu, zilipelekwa ndani ya kiwanda cha mabehewa kilichokuwa tayari na reli, umeme na karakana ya kusubu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba asitangulie mmoja. Viwanda visivyo na shida ya kutangulia peke yake ni vile ambavyo malighafi yake inapoteza uzito au kuharibika: miwa inatoa kama tani moja ya sukari kwa tani kumi na haivumilii kulala siku nyingi, pamba mbegu inabaki theluthi tu ya nyuzi. Hivyo vilitakiwa viwe huko siku zote. Vingine viende kwa makundi, na fedha ya umma iende kwenye vile vitu ambavyo mmoja hawezi kuvibeba peke yake.

## Mpangilio wa kuhama

Hamisha bidhaa, usihamishe idara. Chukua aina moja ya bidhaa, na uipeleke na hatua zake zote kuanzia malighafi hadi kufungashwa, hata kama itabidi ununue mashine moja ya pili. Ukihamisha idara ya kusubu na kuacha ya kuchonga, umejenga treni ya Linwood.

Anza na bidhaa ya pili au ya tatu kwa mauzo. Ya kwanza inakulipa mishahara, usiichezee. Ya mwisho haitakufundisha kitu kwa sababu hakuna atakayeihangaikia ikikwama.

Kabla ya kufungua mashine, zalisha kipande cha kupimia, kipime, kihifadhi kikiwa na tarehe. Kebo zipewe namba ncha zote mbili na kupigwa picha. Vilainishi na maji ya kupozea vitolewe, sehemu zinazoteleza zifungwe. Ikishawekwa upya, zalisha kipande kilekile na ulinganishe. Bila cha kwanza, mtabishana miezi kama kasoro ni ya safari au ilikuwepo. Boila na matangi ya mgandamizo hukaguliwa upya kabla ya kuwashwa, kwa hiyo mkaguzi awekewe tarehe mapema kuliko fundi bomba.

Akiba ya bidhaa ya kuwauzia wateja wakati wa kuhama iwe muda wa kufungua, kusafirisha na kufunga, mara mbili. Nusu ya pili ni ya mikono mipya.

Mstari wa zamani uzimwe lini? Si siku mpya unapotoa bidhaa nzuri ya kwanza. Uzimwe baada ya wiki nne mfululizo ambazo mpya haukuomba kitu mjini, si fundi, si kipuri, si idhini. Ukiomba hata kimoja, hesabu inaanza upya.

Ndiyo maana kiwanja cha mjini kiuzwe kwa masharti ya kuendelea kukikodi miezi 18 hivi. Mara nyingi thamani ya kiwanja ndiyo inayolipia uhamisho wote, na mnunuzi ana haraka. Akipewa funguo mapema, mstari wa zamani unazimwa kwa tarehe yake badala ya tarehe yenu. Yeye pia atapima udongo. Chini ya tangi la kusafishia mafuta, pembeni ya mahali mapipa yalipokaa miaka, mtakuta yaliyovuja. Chukueni sampuli wenyewe kabla ya kutia saini, kwa sababu gharama ya kusafisha ikijulikana baada ya mkataba, hukatwa kwenye fedha ambayo tayari imeahidiwa kwa mkandarasi wa jengo jipya.